Utomvu na Ukuta: Historia ya Kisiwa cha Chios

Mashariki mwa Bahari ya Aegea, mahali ambapo pwani ya Uturuki huonekana kwa macho matupu siku isiyo na ukungu, kipo kisiwa cha Chios, cha tano kwa ukubwa miongoni mwa visiwa vya Ugiriki, ambacho hata hivyo hakitajwi sana na wasafiri kama wanavyotaja Santorini, Mykonos au Rhodes. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 842, wakazi wake ni karibu 50,000, na mlangobahari unaokitenga na rasi ya Çeşme una upana wa kilomita saba hivi katika sehemu yake nyembamba. Kaskazini kuna milima ya mawe ambayo kilele chake, Pelinaio, kinafika mita 1,297. Karibu na mji mkuu, katika pwani ya mashariki, umelala uwanda wa Kampos wenye bustani za michungwa na michenza. Na kusini kuna vilima vifupi na vikavu, ambavyo mgeni asiyeijua habari yake angedhani ndiyo sehemu maskini kuliko zote. Kumbe ni huko kusini, katika vijiji 24 vinavyoitwa Mastichochoria, ndiko inakopatikana mastiki, yaani utomvu mkavu wenye harufu nzuri unaotafunwa, unaofukizwa na unaotiwa katika vyakula na dawa. Utomvu huo ulichangia kuamua nani akitawale kisiwa, vijiji vijengwe kwa umbo gani, na katika maafa makubwa ya mwaka 1822, nani afe kwanza na nani apewe muda.

Mti na kazi yake

Mastiki hutoka katika mti mdogo wa jamii ya pistachio, usiopukutisha majani, ambao kwa kawaida hauzidi mita mbili au tatu kwa urefu na ambao wanasayansi huuita Pistacia lentiscus. Mti wa jinsi hiyo huota sehemu nyingi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, lakini ni aina inayopandwa kusini mwa Chios ndiyo inayotoa utomvu mwingi na mzuri wa kutosha kuuzwa. Mche huanza kutoa baada ya miaka mitano au sita, hukomaa unapokaribia miaka kumi na mitano, na ukitunzwa vizuri unaweza kuendelea kwa vizazi kadhaa, ingawa mavuno ya mti mmoja kwa mwaka mara nyingi hupimwa kwa gramu, wala si kwa kilo.

Kazi yenyewe inataka subira. Mwanzoni mwa kiangazi mkulima hupalia na kufagia ardhi iliyo chini ya mti mpaka iwe tambarare, kisha huinyunyizia unga mweupe wa chokaa ili matone yatakayodondoka yasishikamane na uchafu na yakauke upesi. Kuanzia Julai gome huchanjwa kwa chuma chenye ncha, mikato mifupi isiyozama sana, kwa kuwa mkato ukizidi kina huujeruhi mti, na ukipungua hautoi kitu. Utomvu hutoka ukiwa maji mazito yanayong'aa, ukaning'inia kwenye shina au kudondoka chini, na baada ya wiki mbili au tatu hugeuka chembe ngumu ambazo wenyeji huziita machozi. Baada ya kuokotwa, huja kazi ya majira ya baridi, ambayo tangu zamani imefanywa zaidi na wanawake: hupepeta majani, huosha chembe, kisha huketi mezani pamoja na kuziparura moja moja kwa visu vidogo mpaka kila punje ya udongo iondoke. Wenyeji husimulia kwamba miti ilianza kulia pale Isidori, askari Mkristo aliyeuawa kisiwani humo mwaka 251 katika mateso ya kaisari Decius, alipoburutwa chini yake. Lakini mganga Mgiriki Dioscorides, aliyeandika karne ya kwanza, alikwisha kuitaja mastiki ya Chios kuwa ndiyo bora, na hilo linaonyesha kwamba utomvu huo ulikuwa na sifa kabla ya mtakatifu huyo kuzaliwa.

Mji wa divai na watumwa

Utajiri wa kwanza wa Chios haukutokana na mastiki. Katika zama za kale kisiwa kilikuwa miongoni mwa miji ya Waionia, yaani Wagiriki waliokaa pwani ya Asia Ndogo na visiwa vyake, na jina lake lilivuma kwa divai, iliyosafirishwa mbali ndani ya mitungi mirefu ya udongo. Sarafu zake zilichorwa sfinksi, kiumbe wa hadithi mwenye mwili wa simba, mabawa na kichwa cha mwanamke, na mara nyingi mtungi wa divai ulichorwa mbele yake. Wachios walidai pia kwamba mshairi Homer alikuwa mwenyeji wao, dai ambalo miji mingine kadhaa iliwabishia. Nguvu yao ya majini haikuwa na ubishi: mwaka 494 Kabla ya Kristo (KK), Waionia walipopigana na Waajemi karibu na kisiwa cha Lade, Chios ilipeleka merikebu 100, na Herodotus anasimulia kwamba mabaharia wake waliendelea kupigana baada ya wenzao wengi kukimbia.

Nyuma ya divai na merikebu hizo kulikuwa na kazi ya watumwa. Mwanahistoria Thucydides aliandika kwamba, ukiiacha Sparta, hakuna mji wa Kigiriki uliokuwa na watumwa wengi kama Chios, naye Theopompus, aliyekuwa mzaliwa wa kisiwa hicho, aliwataja Wachios kuwa Wagiriki wa kwanza kununua watumwa wa kigeni kwa fedha. Kutokana na hali hiyo kilizuka kisa cha Drimakos, kilichosimuliwa na Nymphodorus wa Syracuse na kuhifadhiwa na mwandishi Athenaeus. Drimakos alikuwa mtumwa aliyetorokea milimani, akawa kiongozi wa watoro wenzake, na mabwana waliposhindwa kumkamata alifanya nao mapatano: angechukua katika maghala yao kiasi alichokipima kwa vipimo vyake mwenyewe, kisha angelifunga ghala kwa muhuri wake ili mwizi mwingine asiliguse. Kila mtoro aliyemjia alihojiwa, aliyeonekana kuteswa kupita kiasi akapokewa, na asiye na sababu ya kutosha akarudishwa kwa bwana wake. Mji ulitangaza zawadi kwa atakayeleta kichwa chake, na Drimakos alipozeeka alimwamuru kijana aliyempenda amkate kichwa, achukue fedha na kwenda zake huru. Wizi uliporudi baada ya kifo chake, Wachios wenyewe walimjengea mahali pa ibada, na watumwa wakawa wanamtolea humo sehemu ya kwanza ya walichokiiba.

Baada ya zama za Warumi, kisiwa kilikuwa chini ya Wabizanti, yaani dola la Kirumi la mashariki lililotawaliwa kutoka Konstantinopoli. Kumbukumbu kubwa ya zama hizo ni Nea Moni, monasteri iliyojengwa bondeni katikati ya milima karne ya 11. Mapokeo husema kwamba watawa watatu walikuta picha takatifu ya Bikira Maria juu ya mti wa mhadasi, na kwamba walimtabiria Constantine Monomachos, aliyekuwa uhamishoni katika kisiwa cha Lesbos, kuwa atakuja kuwa kaisari. Naye alipotawazwa mwaka 1042 alitimiza ahadi yake kwa kutoa fedha na mafundi. Kanisa lake lina mozaiki, yaani picha zilizoundwa kwa vipande vidogo vya kioo na mawe vilivyopangwa juu ya lipu mbichi, ambazo dhahabu yake ingali inang'aa licha ya tetemeko la mwaka 1881 kuliharibu vibaya jengo. Mwaka 1990 UNESCO iliiingiza Nea Moni katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na monasteri nyingine mbili za Ugiriki za zama hizo.

Kampuni iliyomiliki kisiwa

Mastiki ilishika usukani wa historia ya Chios walipokuja watu wa Genoa, mji wa wafanyabiashara wa Italia. Familia ya Zaccaria ya Genoa ilikishika kisiwa tangu mwaka 1304 mpaka Wabizanti walipoiondoa mwaka 1329. Mwaka 1346 Simone Vignoso alirudi na kundi la merikebu zilizogharimiwa na watu binafsi, akauzingira mji mpaka ukasalimu amri, na kwa kuwa serikali ya Genoa haikuwa na fedha za kuwalipa waliogharimia vita, iliwaachia mapato na utawala wa kisiwa kama malipo ya deni. Wadai hao waliungana katika chama kilichoitwa Maona, ambacho hisa zake zilirithiwa na kuuzwa, na kwa hiyo huhesabiwa miongoni mwa mifano ya awali ya kampuni za hisa. Tangu mwaka 1362 wanahisa wengi walijitwalia jina moja la ukoo, Giustiniani, ingawa hawakuwa ndugu wa damu.

Kampuni inayotawala nchi huitawala kwa ajili ya faida, na vijiji vya kusini vinaonyesha jambo hilo mpaka leo. Katika Mesta, kilichohifadhika kuliko vingine, nyumba za pembezoni zimeshikana mgongo kwa mgongo zikawa ndizo ukuta wa kijiji, bila dirisha upande wa nje. Njia za ndani ni nyembamba, zinapinda na kufunikwa na matao, ili adui aliyeingia asijue anakokwenda. Na mapaa bapa ya nyumba yalilingana kimo, ili wenyeji waweze kukimbia juu yake mpaka kwenye mnara wa katikati, ambao mahali pake sasa limesimama kanisa kubwa la malaika wakuu. Ngome hizo ziliwakinga wakulima dhidi ya maharamia waliovamia pwani kutafuta mateka, lakini lango lililofungwa jioni lilihakikisha pia kwamba hakuna utomvu unaotoka bila kuhesabiwa. Mkulima alipaswa kutoa mastiki kwa kampuni kwa kiwango kilichowekwa, na aliyekutwa na utomvu wa magendo aliadhibiwa kulingana na uzito wake, kuanzia faini hadi kukatwa viungo vya mwili. Ukuta ule ule, kwa hiyo, ulikuwa kinga na kizuizi, na mkulima aliyeuzalisha utajiri aliishi ndani yake chini ya ulinzi, sawa na kuku wa mayai.

Sifa ya biashara hiyo ilienea mbali. Christopher Columbus, ambaye alikuwa mtu wa Genoa, aliitaja mastiki ya Chios katika barua yake ya mwaka 1493 kuhusu safari yake ya kwanza, akidai kwamba huko alikofika upo utomvu wa namna hiyo, dai lililolenga kuwashawishi wafadhili wake waliojua fedha ambazo Genoa ilizipata kisiwani Chios.

Masultani na mwaka 1822

Waturuki wa Osmani walipoiteka Konstantinopoli mwaka 1453, Maona waliendelea kukaa kwa kulipa ushuru kwa sultani, hadi mwaka 1566 amiri Piali Pasha alipokichukua kisiwa bila vita kubwa. Watawala wapya hawakubomoa mfumo walioukuta. Vijiji vya mastiki viliwekwa chini ya msimamizi wake mwenyewe, kodi yake ikalipwa kwa utomvu, na sehemu kubwa ya zao hilo ikaenda katika kasri la sultani, ambako wanawake wa kasri waliitafuna ili kusafisha pumzi na meno. Kwa malipo hayo wanavijiji walipata nafuu za kodi na uhuru wa dini ambao Wakristo wengi wa dola hilo hawakuwa nao. Wafanyabiashara wa mjini nao walitajirika kwa hariri na usafirishaji wa majini, wakajenga katika Kampos majumba ya mawe mekundu yaliyozungukwa na kuta ndefu, ambamo magurudumu yaliyozungushwa na punda yalivuta maji ya visima na kuyamwaga kwenye birika za kumwagilia michungwa.

Vita vya uhuru vya Wagiriki vilipoanza mwaka 1821, wazee wa Chios hawakutaka kujiunga, kwa kuwa walikuwa na mengi ya kupoteza na adui alikuwa ng'ambo ya mlangobahari tu. Machi 1822 wapiganaji kutoka kisiwa cha Samos walishuka kisiwani na kuanzisha maasi, na mwezi uliofuata merikebu za Osmani chini ya Kara Ali Pasha zikafika. Kilichofuata kilikuwa maangamizi ya watu wote bila kubagua walioasi na wasioasi: mateka wa tabaka la wazee pamoja na askofu walinyongwa, mji ukachomwa, Nea Moni ikavamiwa, na katika Anavatos, kijiji kilichojengwa juu ya jabali, wengi walijitupa gengeni kuliko kukamatwa. Kisiwa kilichokuwa na watu kati ya 100,000 na 120,000 kilibaki na sehemu ndogo tu, kwani makumi ya maelfu waliuawa na makumi ya maelfu wengine walipelekwa katika masoko ya watumwa ya Smyrna na Konstantinopoli. Vijiji vya mastiki viliachwa kwanza, kwa sababu kuwaua wakulima kulikuwa ni kuua pia mapato ya kasri. Lakini Juni, Konstantinos Kanaris wa kisiwa cha Psara alipoilipua merikebu kuu na kumuua Kara Ali, kisasi kiliwafikia wao pia. Mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix aliyaonyesha maafa hayo katika picha kubwa ya mwaka 1824, ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Louvre, na picha hiyo ilichochea huruma ya Ulaya kwa Wagiriki.

Wachios walionusurika walitawanyika Syros, Trieste, Marseille, Alexandria na London, na wengi wao wakastawi kuliko walivyostawi kwao. Ndugu wa ukoo wa Ralli, waliokuwa wameanza biashara London kabla ya maafa, walijenga kampuni iliyofika Odessa, Calcutta na Bombay, na katika karne ya 20 jina lao lilijulikana hata katika biashara ya mkonge ya Tanganyika.

Mlangobahari wa wakimbizi

Novemba 1912 jeshi la Ugiriki lilishuka Chios, na mwanzoni mwa 1913 askari wa Osmani walisalimu amri. Kuanzia hapo mlangobahari ukawa mpaka wa nchi mbili, na kila kizazi kiliona watu wakiuvuka kwa kukimbia. Mwaka 1922, Ugiriki iliposhindwa vita katika Asia Ndogo, Wagiriki wa pwani ya pili walimiminika kisiwani. Baada ya Wajerumani kukiteka mwaka 1941, njaa iliwasukuma wenyeji kuvuka usiku kwa mashua kwenda Çeşme; kutoka huko Waingereza waliwapeleka Mashariki ya Kati, na baadhi ya wakimbizi Wagiriki wa visiwa hivyo walifikishwa hadi Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, ambako walikaa mpaka vita vilipomalizika. Mwaka 2015 maelfu kwa maelfu ya Wasiria, Waafghani na wengineo walivuka maji yale yale kwa mashua za mpira kuelekea magharibi.

Zao mikononi mwa wakulima

Mabadiliko makubwa ya mastiki yenyewe yalitokea mwaka 1938. Kampuni na sultani walikuwa wameondoka, lakini wakulima walikuwa wameangukia mikononi mwa wachuuzi waliowapangia bei, na mwaka wa mavuno mengi ulikuwa mwaka wa hasara. Kwa sheria maalumu ya serikali uliundwa muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima, ambao kila mzalishaji alilazimika kuuuzia utomvu wake, nao ukausafisha, ukaupanga kwa madaraja na kuuuza kwa niaba ya wote. Ukiritimba, yaani haki ya muuzaji mmoja peke yake, ulibaki kama ulivyokuwa zama za Maona. Kilichobadilika ni mwenye haki hiyo. Mwaka 1997 Umoja wa Ulaya uliilinda mastiki ya Chios kwa sheria ya majina ya asili, inayozuia zao la mahali pengine kuuzwa kwa jina hilo. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kuilima katika orodha ya urithi usioshikika. Na mwaka 2015 Shirika la Dawa la Ulaya liliikubali kuwa dawa ya asili kwa matatizo madogo ya tumbo na ngozi, kwa msingi wa matumizi ya miaka mingi na si kwa ushahidi wa majaribio ya hospitali. Ulinzi wa sheria, hata hivyo, hauzimi moto: Agosti 2012 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mashamba ya kusini, na mti unaohitaji miaka kumi na mitano kukomaa haurudi kwa bajeti ya mwaka mmoja.

Mgeni wa leo hufika kwa ndege kutoka Athens au kwa meli ya usiku kutoka bandari ya Piraeus. Akienda katika majira ya kuchipua atakuta tulipu mwitu nyekundu mashambani, na akiendelea hadi Emporeios kusini ataona ufuko wa Mavra Volia wenye kokoto nyeusi zilizotokana na volkano ya kale. Katika Pyrgi, kijiji kikubwa kuliko vyote vya mastiki, kuta za nyumba zimepambwa kwa namna iitwayo xysta: fundi hupaka lipu yenye mchanga mweusi, huifunika kwa chokaa nyeupe, kisha, kabla haijakauka, huikwangua kwa kufuata maumbo ya pembetatu, almasi na duara aliyokwisha kuyachora, mpaka weusi wa chini utokeze. Mwishoni mwa kiangazi, mbele ya kuta hizo huning'inizwa mafungu ya nyanya ndogo, ambazo huwekwa akiba ya majira ya baridi.

Chakula nacho kinafuata jiografia ile ile. Kampos hutoa machenza yenye harufu kali, yanayolindwa pia kwa jina la asili, na maganda yake hupikwa kwa sukari yakawa kitafunio cha kumkaribishia mgeni. Kaskazini hutoa jibini na nyama ya mbuzi. Tini zilizochachuka hutoneshwa zikawa pombe kali iitwayo souma. Na jibini laini la mastelo huchomwa juu ya makaa. Mastiki huingia katika mkate mtamu wa Pasaka, katika pombe tamu inayonywewa baada ya chakula, na katika kinywaji cha watoto kiitwacho ypovrichio, ambacho ni kijiko cha mchanganyiko mzito wa sukari na mastiki kinachozamishwa katika bilauri ya maji baridi, kikalambwa polepole na maji yakanywewa mwishoni.

Jumba la makumbusho ya mastiki, lililofunguliwa mwaka 2016 karibu na Pyrgi, huonyesha vifaa na nyaraka za kazi hiyo, lakini ushahidi ulio wazi zaidi umo katika vijiji vyenyewe, ambavyo bado vinakaliwa na wakulima wa zao lile lile. Nchi nyingi zilizopewa na maumbile zao lisilopatikana kwingine zililipoteza kwa mbegu kuhamishwa au kwa bei kuporomoka. Chios ililihifadhi, kwanza kwa nguvu za wageni waliowafungia wakulima ndani ya ukuta, kisha kwa ushirika ambao wakulima hao waliuendesha wenyewe. Hatima ya zao hilo sasa inategemea zaidi kama vijana wa Mesta na Pyrgi wataona kwamba kupiga magoti chini ya mti katika jua la Agosti kunawalipa kuliko kazi za mjini, na hilo huamuliwa kila mwaka na bei ambayo muungano unaweza kuwapa.